Jua Lililozama Unguja

Nilianza kwa kushuti harusi na vipaimara, nikapanda cheo nikawa kameramani wa Bongo Muvi. Cheo chenyewe ni kubeba stendi, kubeba kamera na kubeba lawama.

Basi tuko Bagamoyo. Skripti inataka wapenzi waagane ufukweni huku jua likizama baharini. Nikamvuta dairekta pembeni. "Bosi, hapa bahari iko mashariki. Jua linazama kule nyuma, kwenye minazi. Ukitaka la baharini tuvuke Unguja, pale Forodhani linazama kila jioni bila kiingilio."

"Nauli ya boti unalipa wewe?"

Akaja na akili yake: tushuti jua linapochomoza, halafu mhariri airudishe nyuma. Kitaalamu inawezekana. Kamera inanasa picha 24 kila sekunde. Zipange kuanzia ya mwisho, jua litashuka lenyewe. Wapenzi wao wasimame tu wametupa mgongo, wasitikisike.

Shida, huku kwetu jirani na ikweta jua halina maringo. Likishachungulia, kama dakika mbili hivi limetoka lote. Ukilikosa, mpaka kesho. Saa kumi na mbili alfajiri stendi imeshazama mchangani, jicho langu limeganda kwenye kamera. "Aksheni!" Likapanda jekundu, safi, hata mimi nikasisimka. Na saa hiyohiyo ndipo wavuvi wanaporudi.

"Dairekta, kuna watu."

"Waache, wanaleta uhalisia."

Waliuleta.

Muvi ikaoneshwa hapohapo Bagamoyo, ukumbi umefurika. Jua linazama, kinanda kinalia, akina mama wameshika ncha za khanga tayari kwa machozi. Mara wavuvi hao, kinyumenyume na matenga yao, wanarudisha samaki baharini! Ngalawa nayo ikashika safari, tezi mbele omo nyuma. Kuna mtoto alikuwa anakula andazi. Kila akilipeleka mdomoni, linaongezeka.

Halafu yule mzee wa kona ya kulia. Asubuhi ile alikuwa ametema mate, jambo la kawaida kabisa. Sasa ukumbi mzima ukayaona yakijikusanya mchangani, yakapaa taratibu, yakaingia kinywani, na mzee akafumba mdomo kwa kuridhika.

Mtu wa nyuma akapiga ukelele: "Jua gani hilo linazama Unguja?" Hapo hata mpenzi wa kike wa kwenye muvi, aliyekaa mstari wa mbele, akacheka mpaka wigi likaenda upande.

Kesho yake mzee katinga tulipofikia, kanzu na bakora.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimefuata changu. Mji mzima unanizungumzia mimi, hao wapenzi wenu hakuna anayewakumbuka."

Dairekta akahesabu noti bila kubisha. Changu mimi, mpaka leo naambiwa nisubiri muvi iuze.