Mkuu Aliyekubali Hoja, Akamfukuza Mtoa Hoja

Tarehe 22 Oktoba 1966, mamia ya wanafunzi, wengi wao wa chuo kikuu kilichokuwa kimehamia Mlimani miaka miwili tu kabla, waliandamana hadi Ikulu ya Dar es Salaam wakiwa wamevaa majoho yao. Walikuwa wakipinga sheria mpya iliyowataka wahitimu kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi ya mwanzo kambini, na muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwapokea akiwa na mawaziri wake, akawaacha wasome tamko lao mpaka mwisho, ndipo akajibu. Alipomaliza kusema, karibu 400 kati yao hawakuwa tena wanafunzi. Walisindikizwa kwenda kufungasha vitu vyao, wakarudishwa makwao.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama mfano wa methali ya asiyesikia la mkuu kuvunjika guu, na msimulizi akaishia hapo. Mimi naona kinastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu siku ile mkuu mwenyewe hakutoka Ikulu kama alivyoingia.

Tuanze na upande wa serikali, maana hoja zake zilikuwa nzito kuliko wanavyopenda kukiri watetezi wa wanafunzi. Nchi ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles walikuwa wameasi, wakaishika Dar es Salaam kwa siku kadhaa, na aibu ile ikamalizwa na makomandoo wa Kiingereza walioombwa na serikali hiyo hiyo iliyokuwa imeagana na Uingereza mwaka 1961. Dola iliyotoka kuonja uasi wa wenye bunduki isingeweza kuuchukulia kwa wepesi uasi wa wenye vitabu. Isitoshe, wahitimu walikuwa wachache mno, na kila mmoja alisomeshwa kwa jasho la mkulima wa pamba au mkonge ambaye mwanawe huenda hakumaliza hata darasa la nne. Kumwambia kijana huyo kwamba anadaiwa miaka miwili haikuwa dhuluma ya wazi. Na katika mabango yaliyobebwa siku ile, lilikuwamo lililodai kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Hata msomaji anayewahurumia wanafunzi hulisoma bango hilo akatamani lingeachwa bwenini.

Lakini wanafunzi nao hawakuwa wakililia mishahara tu. Waliuliza kwa nini mzigo wa kujinyima uanzie kwa mtu ambaye bado hajaajiriwa, wakati mawaziri na maofisa wakubwa waliendelea kulipwa viwango vilivyorithiwa kutoka kwa Mwingereza. Waliuliza pia sheria inayogusa maisha yao imepitishwa kwa kumsikiliza nani. Maswali hayo yaliulizwa katika nchi ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imefanywa kisheria kuwa ya chama kimoja, na ambayo tangu 1962 ilikuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Pa kupelekea malalamiko palikuwa pachache, na mtu asiyekuwa na mlango wa kubisha hodi hatimaye husimama uani akapiga kelele.

Sentensi iliyomkera zaidi Mwalimu, kwa wanavyosimulia waliokuwapo, ilikuwa ile iliyosema kwamba wakilazimishwa, miili yao itakwenda kambini lakini roho zao zitabaki nje. Wengi huichukua kuwa jeuri ya vijana. Mimi naiona kuwa ndiyo kiini cha mgogoro mzima. Mamlaka ya kikoloni yalitaka miili tu. Askari aliyekuja kukusanya kodi ya kichwa hakujali unamwonaje Gavana, alijali kama shilingi zimetimia, na aliyelipa huku akilaani alihesabiwa raia mwema sawa na aliyelipa huku akitabasamu. Dola mpya ilitaka zaidi ya hapo. Ilitaka mtu ashike jembe kwa kuamini, apige kwata kwa kupenda, na iliona kwamba utii usio na moyo ni aina ya usaliti. Ndiyo maana Mwalimu alijibu kwamba hatampeleka Jeshi la Kujenga Taifa mtu yeyote ambaye roho yake haimo.

Sasa, mamlaka yanayodai moyo hujitwisha deni ambalo yale yanayodai miili hayana. Mwili ukiamrishwa hutii au hugoma. Moyo ukiamrishwa huuliza: na wewe je? Swali hilo Mwalimu hakulikwepa, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Palepale mbele ya vijana aliilaani mishahara mikubwa, ukiwamo wake wa shilingi 5,000 kwa mwezi, akasema kwamba yeye na wao wote ni wa tabaka la wanyonyaji, na akatangaza kuupunguza mshahara wake kwa asilimia 20 kuanzia saa ile. Mawaziri na maofisa wa juu nao wakakatwa. Tarehe 5 Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, lenye masharti yaliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni au nyumba za kupangisha. Sisemi kwamba maandamano ndiyo yaliyolizaa Azimio, kwa kuwa fikra zake zilikuwapo kabla. Ila ni vigumu kuyasoma masharti yale bila kusikia mwangwi wa maswali yaliyoulizwa Ikulu miezi mitatu na ushee nyuma.

Basi hoja ilikubaliwa, na walioitoa wakafukuzwa. Anayemtetea Mwalimu atasema kwamba hakuna mgongano hapo: mtu anaweza kusema kweli na bado akaisema kwa utovu wa adabu, na mzazi anaweza kujirekebisha na bado akamwadhibu mtoto aliyemkaripia mbele ya wageni. Atakumbusha pia kwamba adhabu haikuwa ya milele, kwani wengi walirejeshwa masomoni mwaka uliofuata baada ya kuomba radhi. Mmoja wa waliofukuzwa, Samuel Sitta, alikuja kuwa Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010, na ni chini ya kiti chake, Februari 2008, ndipo sakata la Richmond, la mkataba tata wa kuzalisha umeme, lilipomlazimu Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu.

Utetezi huo una nguvu, lakini mfano wa mzazi na mtoto ndio unaonitia shaka. Wahenga waliosema habari ya guu kuvunjika ndio hao hao waliosema mkubwa ni jalala, yaani kazi ya mkubwa ni kutupiwa kila uchafu wa maneno na kuustahimili. Methali ya kwanza husomwa kwa wadogo tangu wakiwa darasani. Ya pili husomwa kwa wakubwa mara chache sana, na pengine hiyo ndiyo sababu twaijua moja kwa moyo na nyingine twaikumbuka kwa kusaka.

Kama kosa la 1966 lilikuwa ni kukataa kujinyima, au ni lile bango la ukoloni, au ni majoho yaliyovaliwa kwa madaha mbele ya wanyonge, basi wanafunzi ambao wangekuja na msimamo wa kinyume wangepaswa kupokewa vingine. Jaribio hilo lilifanyika. Machi 1978 wanafunzi wa chuo kile kile waliandamana kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya wabunge na mawaziri. Safari hii hawakudai chochote kwa ajili yao. Walikuwa wakilitetea Azimio la Arusha, wakayasema karibu maneno yale yale ambayo Rais mwenyewe aliyasema mbele ya waandamanaji wa 1966 alipokuwa akiukata mshahara wake. Polisi waliwazuia njiani, na mamia wakafukuzwa chuo.