Mtoto wa chekechea mwenye ulemavu ni wa serikali ipi?

Kila mara Wakenya tunaoishi Minnesota tunapozungumza kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu, mazungumzo huishia pale pale: Marekani ni tajiri, kwetu hakuna pesa, basi hakuna haja ya kulinganisha. Mimi sikubaliani na hoja hiyo. Mwanangu ana mtindio wa ubongo na amehudumiwa na mfumo wa huku tangu kabla hajatimiza miaka miwili. Mpwa wangu, ambaye hasikii, analelewa na dada yangu Kilifi, pwani ya Kenya. Nikiwatazama wote wawili, naona kwamba pengo la kwanza kati yao halikuletwa na fedha, bali na swali la nani anawajibika.

Sheria ya Marekani ya kuwasomesha watoto wenye ulemavu ilipitishwa mwaka 1975. Marekebisho ya mwaka 1986 yaliwaingiza watoto wa miaka mitatu hadi mitano, na kuanzisha mpango mwingine kwa wale walio chini ya miaka mitatu. Jambo kubwa ndani ya sheria hiyo, kwa maoni yangu, ni kwamba kazi ya kumtafuta mtoto imewekwa mabegani mwa serikali. Hapa Minnesota mzazi, daktari, mlezi wa kutwa au hata jirani mwenye wasiwasi anaweza kupiga simu, na wilaya ya elimu hulazimika kulifuatilia suala hilo na kumpima mtoto bila malipo. Kwa aliye chini ya miaka mitatu, kikao cha kuandaa mpango wake kinapaswa kufanyika ndani ya siku 45 tangu taarifa ipokelewe.

Sheria hiyo pia inataka watoto hao wadogo wahudumiwe mahali wanapoishi maisha yao ya kila siku, na hilo sikulielewa mpaka nilipoliona kwa macho. Mwalimu aliyekuja nyumbani kwetu hakuja na begi la vichezeo. Aliketi sakafuni, akaomba sufuria na vifuniko, kisha akamwonyesha mke wangu namna ya kuviweka mbali kidogo upande wa kushoto, ili mtoto alazimike kuunyoosha mkono ambao siku zote alikuwa akiuficha kifuani. Mwalimu akishaondoka, mazoezi yaliendelea wakati wa kupika ugali. Mtoto alipotimiza miaka mitatu alihamia mpango wa chekechea, tukapewa hati inayotaja malengo yake, dakika za huduma kwa wiki, na nani atakayezitoa. Kwa kuwa mke wangu hukielewa Kiswahili vizuri zaidi kuliko Kiingereza, wilaya ilileta mkalimani kwenye kikao, nasi hatukulipa kitu.

Hata hivyo, anayedhani kwamba haya yote yanatokana na ukarimu wa serikali kuu ya Marekani amekosea. Bunge la huku liliahidi tangu mwanzo kuchangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi, ili kufidia gharama za ziada za wenye ulemavu. Ahadi hiyo haijatimizwa hata leo, na katika miaka ya karibuni mchango huo umekuwa chini ya asilimia 15. Pengo linazibwa na majimbo na wilaya, pamoja na kodi za majengo ambazo sisi wenye nyumba tunazilalamikia kila mwaka. Wasaidizi wa darasani hawatoshi, na chekechea ya nusu siku humpa shida mzazi anayefanya kazi ya zamu. Ila wilaya haina ruhusa ya kunijibu kwamba fedha zimekwisha, kwa hiyo mwanangu apunguziwe dakika zake. Upungufu wa fedha ni tatizo la wilaya kabla haujawa tatizo langu.

Sasa nirudi Kilifi. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 linaikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea, huku elimu maalum ikibaki mikononi mwa serikali kuu. Mtoto wa miaka minne asiyesikia ana mguu mmoja kila upande. Mwalimu wake wa chekechea ameajiriwa na kaunti. Kituo cha tathmini, yaani EARC, ambako mtoto mwenye ulemavu hupimwa, kiko chini ya Wizara ya Elimu. Vituo hivyo si vigeni: vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na Kenya ilitangulia nchi nyingi za bara letu katika jambo hilo. Fedha za ziada ambazo serikali kuu hutoa kwa wanafunzi wenye mahitaji maalum zimekusudiwa shule zilizo chini yake, si darasa la kaunti lililo kwenye uwanja huo huo. Shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali kuu wa kugawa fedha, kwa kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa ni msaada wa kujikimu; hazimwajiri mwalimu wa lugha ya ishara.

Kwa hiyo dada yangu ndiye amekuwa ofisi ya uratibu. Ofisi moja ilimwambia ampeleke mtoto kupimwa kwanza, nyingine ikamwambia asubiri afike darasa la kwanza, na kila safari ilikuwa ya nauli ya matatu na siku nzima bila biashara. Sina hasira na watumishi aliowakuta, kwani kila mmoja alijibu kulingana na mipaka ya kazi yake. Wakati huo wote mtoto alikuwa katika miaka ile ile ambayo lugha hujengeka upesi zaidi, na hakuna aliyekuwa akimpa lugha yoyote.

Mpasuko huu unaweza kuzibwa bila kubadilisha Katiba. Kifungu cha 187 kinaruhusu ngazi moja ya serikali kuhamishia nyingine kazi kwa makubaliano, na mwaka 2020 kaunti ya Nairobi ilikitumia kuikabidhi serikali kuu afya, uchukuzi na kazi nyinginezo. Kama mkataba uliwezekana kwa barabara za jiji, unawezekana pia kwa tathmini ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano, ukitaja ngazi gani inapima, ipi inalipa, na ndani ya siku ngapi. Kaunti huwaita wananchi kutoa maoni kabla ya bajeti kupitishwa, na wazazi wa watoto hawa wana jambo mahususi la kudai pale: mstari mmoja wa bajeti unaomlipia afisa wa tathmini usafiri wa kuzifikia chekechea za kaunti, badala ya kila mama kumbeba mtoto kwenda kumtafuta afisa.