Mgongo unauma: tukimbilie picha au tuanze na mazoezi?

Dodoma ya sasa ina kazi nyingi za kumaliza mgongo. Kibarua anabeba mifuko ya saruji ya kilo 50 kwenye ujenzi kule Mtumba, mkulima wa Hombolo anashinda ameinama kwenye zabibu, na mtumishi wa umma aliyehamia na ofisi yake hainuki kitini hadi jioni. Kiuno kikibana, wote watapewa ushauri uleule: hizo ni figo, hiyo ni ngiri, nenda kapige picha.

La figo tulimalize upesi. Maumivu yake kwa kawaida hukaa juu kidogo, ubavuni chini ya mbavu, na mara nyingi huja na homa au mabadiliko ya mkojo. Kiuno kinachokushika ukiinama au ukiinuka kitini, mara nyingi shida ni misuli, viungo na pingili za uti wa mgongo. Kumeza dawa za UTI bila kupima mkojo ni kutupa hela.

Ubishi wa kweli uko kwenye picha. Wanaotaka mapema MRI, picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mgongo, hawasemi ovyo. Kanda hii ina mifugo mingi, na maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela, ugonjwa wa bakteria kutoka kwa mifugo, unaoshambulia hadi uti wa mgongo. Kifua kikuu nacho hakiishii mapafuni, hula hata pingili. Kwa hiyo anayeumwa mgongo huku anakonda, ana homa au anatoka jasho usiku, aliyewahi kuugua saratani, au aliyeanguka vibaya na pikipiki, asisubiri. Na yule ambaye mguu unalegea, ganzi imemwingia sehemu za siri, mkojo unagoma au unamtoka bila kujua, awahishwe hospitali siku hiyohiyo. Mishipa ya fahamu ikibanwa muda mrefu huenda isipone.

Lakini hao ni wachache. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wa kiuno hawana ugonjwa au jeraha mahususi la kunyooshewa kidole. Hapo ndipo picha inapoharibu, kwa kuonyesha mengi mno. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia watu wasioumwa mgongo kabisa: asilimia 30 ya wenye miaka 20, na asilimia 84 ya wenye miaka 80, walikuwa na diski, yaani kile kimto kati ya pingili na pingili, iliyochomoza. Sasa mpe mtu ripoti yenye maneno hayo. Ataacha jembe, ataogopa hata ndoo ya maji, atalala wiki nzima. Misuli inalegea, maumivu yanazidi, naye anaamini ripoti ilisema kweli.

Upasuaji una nafasi yake, hasa maumivu yanaposhuka mguuni kwa sababu diski imebana mshipa wa fahamu. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 uliwagawa wagonjwa wa aina hiyo makundi mawili, wa kupasuliwa mapema na wa kusubiri kwanza: waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, ila baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa sawa, ingawa karibu wanne kati ya kumi waliotakiwa kusubiri waliishia kupasuliwa. Daktari anaweza kusoma matokeo hayo akasema subiri. Bodaboda mwenye watoto wanne anaweza kuyasoma akasema nipasueni, na simlaumu.

Vidonge navipa alama ndogo. Utafiti mkubwa wa Australia wa mwaka 2014 ulikuta paracetamol haimponyi haraka mwenye maumivu mapya ya kiuno kuliko kidonge kisicho na dawa. Diklofenaki na ibuprofeni husaidia kwa muda, lakini zikizoeleka huumiza tumbo na figo, zilezile figo tulizokuwa tukizihofia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023, kuhusu maumivu sugu, haupendekezi mikanda ya kiuno wala dawa za jamii ya afyuni, kama tramadol. Unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi na hata kukandwa.

Mimi niko upande wa mazoezi, ingawa najua yanavyosikika kwa mbeba saruji: nafanya kazi kutwa, nikafanye mazoezi gani tena? Swali ni la haki. Kazi yake hurudia mkao mmoja na uzito ambao hakuuchagua, wakati mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, huanza na mzigo mdogo na kuuongeza taratibu. Kikwazo ni nauli, foleni na kibarua cha siku kinachopotea. Ndiyo maana afadhali aende mara chache ili ajifunze, kisha aendelee mwenyewe nyumbani, huku akitembea na kufanya kazi kadiri anavyoweza. Maumivu mapya kwa wengi hupungua sana ndani ya wiki sita hivi. Yakipita hapo bila nafuu, au dalili za hatari zikijitokeza kabla, arudi kwa daktari, na hapo picha itakuwa na swali la kujibu.