Glenn Gould aliacha jukwaa na miaka 31, na mimi sioni kama alikosea

Tarehe 10 Aprili 1964 Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, alipiga konseti Los Angeles, akashuka jukwaani na hakurudi tena hadi alipofariki 1982. Alikuwa na miaka 31 tu na watu walikuwa wanamgombania. Mpaka leo wapenzi wa muziki wa klasiki wabishana, wengine wasema alikimbia kazi yake, wengine wasema aliona mbele kuliko wenzake. Kwa sisi wa Mombasa ni mjadala mzito, manake hapa mwanamuziki twamjua akiwa mbele ya watu.

Hoja ya wanaomlaumu si nyepesi hata kidogo. Nenda taarab yoyote ya harusi Mji wa Kale uangalie, ubeti ukimgusa mtu yuwasimama na noti mkononi aenda kutuza, mwimbaji akiona hivo yuwaurudia ule ubeti, auvuta kidogo, na mpiga udi naye aongeza yake, na wimbo ukiisha si ule uliofanyiwa mazoezi, umekuwa mwingine kabisa kwa sababu ya waliokuwepo. Marehemu Juma Bhalo na marehemu Zein l'Abdin walikuzwa na watu namna hiyo. Sasa Gould hata makofi hakuyataka, mwaka 1962 aliandika makala kabisa akitaka yapigwe marufuku!

Na yeye mwenyewe jukwaa lilimfaa sana. Mwaka 1957 alienda Moscow, hakuna aliyemjua, nusu ya kwanza ukumbi ulikuwa na viti vitupu tele, wakati wa mapumziko watu wakakimbilia simu kuwaita wenzao na nusu ya pili ukumbi ukajaa. Hiyo rekodi haiwezi kukufanyia.

Lakini msikilizeni na yeye. Alilalamika kwamba watu walimharibia upigaji wake. Partita namba 5 (mfululizo wa vipande vifupi) ya Bach, mtunzi wa Kijerumani wa zamani, aliipiga sana kwenye ziara, kwenye kumbi kubwa, na ili aliyekaa kiti cha mwisho naye afikiwe ikabidi atie madoido, hapa akaza, pale alegeza, na alipokuja kuirekodi madoido yale yakawa yameganda vidoleni, hayatoki. Kwenye taarab manjonjo ndo raha yenyewe, lakini Bach ana sauti tatu nne zatembea kwa pamoja na kila moja yataka isikike, ukizidisha mbwembwe wazifunika.

Studio ilimpa kitu kingine. Alieleza jinsi alivyorekodi fyugi moja ya Bach ya A minor, yaani kipande ambacho sauti zaingia moja baada ya nyingine na wimbo ule ule, mara 8, na aliporudi kuzisikiza akaona ya 6 na ya 8 hazina kosa, ila ya 6 ilikuwa nzito na kali mno, ya 8 nyepesi yenye kurukaruka, na yoyote ukiisikiza peke yake mpaka mwisho yachosha. Basi wakakata tepu: mwanzo wakaweka ya 6, katikati ya 8, kumalizia wakarudi kwa 6. Kuna wanaosema huo ni udanganyifu. Mimi nakataa, mshairi naye hufuta mstari akaandika upya na hakuna anayemwita mwongo.

Halafu tuseme ukweli kuhusu hali yetu. Mombasa hatuna ukumbi wa konseti wa piano, na piano yenyewe hapa yateseka, hewa ya chumvi yashikisha nyuzi kutu, unyevu wafurisha mbao, na fundi wa kuituni hapatikani kirahisi. Tungengoja mabingwa waje wapige mbele yetu tungekufa hatujawasikia. Nimemsikia Gould kwa rekodi, zile Goldberg Variations za Bach alizorekodi 1955 zinazokimbia dakika 38 hivi, na zile alizorudia 1981, kazi ile ile sasa dakika 51, mtu mzima anayetulia na kupima kila noti. Hata taarab yetu iliwafikia watu wasioalikwa harusini kwa tepu za kina Mbwana Radio, waliokuwa wakirekodi na kuuza kaseti hapa Mombasa. Kwa hivyo mimi niko upande wake, aliyejifungia studio alitufikia sisi wa mbali kuliko wengi waliobaki jukwaani.

Kinachonisumbua ni kimoja, na hapa ndo wanaomtetea huruka. Ruhusa ya kuondoka aliipata jukwaani. Januari 1955 alipiga New York kwa mara ya kwanza na kesho yake tu Columbia, kampuni ya kurekodi muziki, wakamtaka kwa mkataba. Akazunguka miaka tisa ndipo akaacha, tayari ana jina. Hata Vladimir Horowitz, mpiga piano mwingine bingwa, aliyeacha konseti 1953, alirudi jukwaani ukumbi wa Carnegie Hall, New York, 1965, kwa hivyo hata kwa mkubwa kama yule kuishi bila jukwaa haikuwa jambo dogo.

Ndo maana nikisikia kijana wa hapa anayefanya mitihani ya piano akiambiwa ati konseti zimepitwa na wakati, ajirekodi chumbani aweke YouTube yatosha, namhurumia. Yeye hana Columbia ya kumlipa akiwa amejifungia. Apige kanisani, apige hoteli za Nyali, apige hafla za shule hata kama piano ina funguo mbili zilizokwama, na rekodi aweke pia, asingoje kumaliza moja ndo aanze nyingine.