Waini Imenitokea Puani

Naona shemeji ameshatupia toleo lake kwenye grupu, eti "kamtapikia mzungu". Wadau, kutapika na kupaliwa ni vitu viwili. Mimi nilipaliwa.

Jumamosi tulikuwa Napa, kule California, kwenye chumba cha kuonjea waini. Dada anayemimina anatoa somo: humu mna zabibu za Howell Mountain na Mount Veeder, za mlimani, punje ndogo ganda nene, ndiyo maana ukakasi wake unakamata ufizi, halafu za Oakville na Rutherford, za bondeni, hizo ndizo za kuilainisha. Mimi natikisa kichwa kama mtaalamu. Si natoka Dodoma, zabibu zinalimwa kwetu? Udodoma huo ndio ulioniponza.

Glasi kubwa kama bakuli la mboga, waini yenyewe vidole viwili. Akasema zungusha, nusa, piga funda dogo, usimeze, ivutie hewa juu ya ulimi. Nikawaza, hii si kunywa uji wa moto tu? Uji nimeunywa tangu chekechea, nani wa kunifundisha?

Nikavuta. Fyuuuuu! Chumba kizima kikageuka. Shemeji akaninong'oneza, "Punguza, utameza na glasi." Nami, bado navuta, nikacheka.

Nyie. (Mliowahi kupaliwa na soda, kaeni pembeni, hamjaona kitu.) Funda likasimama kooni kama linauliza njia. Nikafumba mdomo, kwa adabu. Ndilo kosa lenyewe. Likapanda. Nikausikia mlima mzima ukipita puani, na ukakasi wake wote, bonde linafuata nyuma na halilainishi chochote. Mbele yangu babu wa watu, shati la kitani, jeupe kama bafta. Nikaliona tone la kwanza likimtua begani. Likatulia. Likaanza kujitanua, zambarau, polepole, kama lina siku nzima. Halafu yakaja mengine, manyunyu. Mkewe akatua glasi yake kaunta, taratibu, akaifunika kwa kiganja.

Basi, leso, maji ya gesi, samahani kumi, babu akacheka, tukaondoka. Chupa nikanunua kwa aibu tu. Bei sisemi, maana dada yake shemeji yumo humu na anajua niliiambia nyumba nzima kwamba nilipewa zawadi.