Antena bapa haijalizika dishi

Kwenye mapaa ya Nairobi siku hizi utawaona majirani wawili: dishi la televisheni lililokodolea macho upande mmoja, na kibao cheupe, yaani antena bapa, cha Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya Julai 2023. Wapo wanaosema kibao kimelizika dishi. Naona tumewahi mno kutandika jamvi la matanga.

Ufundi wa kibao ni wa ajabu kweli. Ndani yake mna vijiantena zaidi ya elfu moja, na kila kimoja hucheleweshwa punje kidogo kuliko mwenzake, hivyo mawimbi yanatiana nguvu upande mmoja tu. Badili ucheleweshaji huo, na antena imegeuza uso bila kuguswa. Setilaiti ya Starlink, iliyo kilomita mia kadhaa juu, hukatiza anga kwa dakika chache. Dishi lililofungwa ukutani haliwezi kuifuata. Mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun alilionyesha wazo hili tangu 1905, lakini bei ikalifungia kwa miongo mingi kwenye rada za kijeshi. Chipu za bei nafuu ndizo zilizolitoa. Hata hivyo Gwynne Shotwell, rais wa SpaceX, kampuni yenye Starlink, alieleza mwaka 2021 kuwa mwanzoni kila kibao kiliwagharimu kama dola 3,000 kukitengeneza, nao wakikiuza 499. (Biashara ya namna hiyo, mwenye kioski asingeimaliza wiki.)

Kisha kuna umeme. Dishi lenyewe halinywi kitu. Kichwa chake, kile kifaa cha mbele kinachopokea mawimbi, hunywa wati chache. Kibao cha kawaida hula wati 75 hadi 100. Kiwashe usiku na mchana, na hata kwa 75 umekula uniti 54 kwa mwezi. Kile kidogo, Mini, kimeshuka hadi wati 25 mpaka 40, nafuu kubwa kwa mwenye paneli ya sola. Ila kikiharibika, fundi wa mtaani hana pa kuingilia; kichwa cha dishi angekibadilisha kwa dakika kumi.

Na kwa setilaiti isiyohama angani, kama zile za televisheni, kugeuza uso kwa kasi ni kipaji kisicho na kazi. Tena antena bapa ikitazama pembeni hupungukiwa nguvu: kwa nyuzi 60, uso wake unaoonekana ni nusu tu.

SpaceX wenyewe wanalijua hilo. Kwenye vituo vyao vya ardhini, chini ya vifuniko vyeupe vya mviringo, kuna madishi yanayozungushwa na mota.