Wakili wa serikali: nani apewe, na iamuliwe lini?

Anayesimama kizimbani nchini Kenya bila pesa ya wakili ana ahadi moja kubwa katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 50(2)(h) kinasema serikali itampa wakili na kumlipa, ikiwa bila wakili huyo mshtakiwa atapata dhuluma kubwa. Tena aelezwe haki hiyo mapema. Mzozo wote umo katika neno "ikiwa".

Kabla ya hapo mambo yalikwenda kwa mazoea. Mshtakiwa wa mauaji, ambaye kesi yake husikilizwa na Mahakama Kuu, alitafutiwa wakili. Mshtakiwa wa wizi wa mabavu, ambaye husikilizwa na hakimu, alijitetea mwenyewe, ilhali makosa yote mawili yana hukumu ya kifo. Watu wawili waliweza kulala rumande moja wakingojea kitanzi kile kile, mmoja ana wakili na mwingine hana. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ilisema anayekabiliwa na adhabu ya kupoteza uhai anastahili wakili wa serikali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikamtaka hakimu apime uzito wa shtaka na adhabu, ugumu wa kesi, na uwezo wa mshtakiwa kujitetea. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikasisitiza kwamba haki hii haiji yenyewe kwa kila mshtakiwa. Ni lazima kutazama pia kama anaweza kumlipa wakili, kama ni mtoto, na kama anajua kusoma na kuandika.

Wanaotetea mchujo huu hawana moyo wa jiwe. Pesa za msaada wa kisheria ni za umma na zina kikomo. Mawakili wamejaa mijini, na kuna korti ambako kumpata hata mmoja ni kazi. Ukimpa kila mshtakiwa haki hiyo kwa maandishi, utaishia na wakili anayekutana na mteja wake mlangoni mwa korti, hajasoma faili, anasimama ili ionekane amesimama. Na kuna mahabusu ambaye kesi yake inaahirishwa tena na tena akisubiri wakili, huku kosa lenyewe lingemfunga miezi michache tu. Hoja hii ya mwisho naiona nzito kuliko zote. Mtu wa namna hiyo anahitaji kesi isikilizwe haraka, wakili au hakuna wakili.

Ila mchujo wenyewe unafanywa saa mbaya. Siku ya kusomewa mashtaka, hakimu ana karatasi ya mashtaka tu mbele yake. Atajuaje kwamba kesi itakuwa ngumu? Mshtakiwa anaulizwa kama anaelewa, anaitikia "naelewa", na safari inaanza.

Chukua kesi ya unajisi, yaani ya kufanya ngono na mtoto. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, umri wa mtoto ndio unaopanga adhabu: miaka 11 au chini, kifungo cha maisha, 12 hadi 15, miaka isiyopungua 20, 16 hadi 18, isiyopungua 15. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa, au kukosekana kwake, kinaweza kuwa na uzito sawa na ushahidi mwingine wote. Daktari anakuja na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza aliyoyaona mwilini, anaisoma, anamaliza. Mshtakiwa anaulizwa, "Una swali?" Anajibu hana. Kwenye rekodi inaandikwa: hakuna maswali.

Akikata rufaa miaka kadhaa baadaye na kulalamika kwamba alinyimwa wakili, majaji watatafuta dalili za dhuluma ndani ya rekodi hiyo hiyo. Lakini swali ambalo halikuulizwa haliachi alama. Kukosa wakili kumefuta ushahidi wa madhara ya kukosa wakili. Na tusimsahau mtoto: pasipo wakili, anayemhoji huenda akawa mshtakiwa mwenyewe.

Ndiyo maana naona kosa lolote ambalo sheria imeliwekea kifungo cha chini cha miaka mingi liondolewe kwenye mchujo. Wakili apatikane kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Kwa makosa mengine, hakimu aandike uamuzi wake pamoja na sababu, na aufungue tena uamuzi huo ikiwa kesi itageuka ngumu njiani.

Kesi za madai ni habari nyingine. Kifungu cha 50(2) kinamlinda mshtakiwa peke yake. Wengine wamebaki na kifungu cha 48 kuhusu kuifikia haki. Asiye na uwezo anaweza kuomba kufungua kesi bila kulipa ada chini ya Amri ya 33 ya kanuni za kesi za madai, lakini msamaha wa ada haumhoji shahidi. Sheria ya 2016 inaruhusu msaada katika madai, ingawa imezitoa nje kesi kama za kodi, kudai madeni, kufilisika na kuchafuliwa jina. Sina ugomvi na hilo. Deni dogo lina Mahakama ya Madai Madogo, yenye kikomo cha shilingi milioni moja, ambako mtu anaweza kujisemea.

Ninayemhofia ni mjane anayefukuzwa shambani na mashemeji waliokuja na wakili. Kwenye makaratasi ana ekari mbili, kwa hiyo anaweza kuonekana ana mali. Mkononi hana nauli ya kufika kortini. Kipimo cha uwezo kikihesabu shamba lile lile linalogombaniwa kama utajiri wake, atakosa wakili kwa sababu ya kitu anachokaribia kunyang'anywa.